Naomba ushauri: makaratasi ya marehemu babu, afisa wa jeshi

Hamjambo ndugu. Babu alikuwa afisa wa jeshi, na miaka yake ya mwisho kazini alifundisha makadeti kwenye chuo cha kijeshi cha Lanet, hapa Nakuru. Ameacha masanduku ya bati yaliyojaa maandalio ya masomo ya historia ya vita, ramani alizochora kwa mkono, barua za wanafunzi, na daftari la Januari 1964, askari wa Kenya Rifles walipoasi papo hapo Lanet. Hilo daftari ndilo linaninyima usingizi.

Shangazi anataka kila mtoto achukue chake. Mimi naona tukigawa tumepoteza. Nusu ya barua itamfaa nani?

Halafu kuna faili lenye muhuri wa SIRI. Sijalifungua wala sitaki, sheria ya siri za serikali si mchezo. Nilirudishe kambini, au nianze na wakili?

Na mliowahi kukabidhi vitu Nyaraka za Kitaifa: ofisi ya Nakuru inapokea, au mpaka Nairobi? Familia huruhusiwa kuweka masharti, kama daftari lisisomwe bibi akiwa hai?

Mchwa wameshaonja sanduku moja, kwa hivyo tafadhali msikawie.