Rada inaonyesha nchi kavu, chati inasema maji matupu. Nisaidieni wakuu

kadeti_zamu: Wakuu salama? Mimi kadeti, nina miezi 5 tu melini, zamu yetu saa sita usiku mpaka saa kumi. Jana bahari shwari kabisa, upepo mkavu wa joto unatoka upande wa nchi kavu, mara naona kwenye rada mstari mnene mbele yetu maili 14 (za baharini, moja ni km 1.85), umbo kama V ncha inatuangalia sisi. Kwenye chati hakuna kitu, na antena yetu iko mita 16 tu juu ya maji. Ofisa wa zamu akasema achana nayo. Nimeachana nayo ila usingizi umenikataa. Rada ni mbovu? Na ikijirudia nifanyeje?

fundi_waya: Magnetroni (taa inayozalisha mawimbi ya rada) imechoka hiyo, badilisheni.

mzee_wa_daraja: Fundi acha hizo, magnetroni ikichoka picha inafifia, haichori pwani mpya 😂 Kijana, hebu sema, AIS (kifaa cha redio ambacho meli hutangaziana zilipo) ilikuwa inaonyesha meli za mbali kuliko kawaida?

kadeti_zamu: Eeh mkuu! Kuna moja ilikuwa maili 140, nikadhani nimesoma vibaya.

mzee_wa_daraja: Basi hewa ndo imewachezea. Iko hivi, chini karibu na maji hewa ni nzito na ina mvuke mwingi, ukipanda inakuwa nyepesi, kwa hiyo wimbi la rada huku chini linachelewa kidogo kuliko kule juu na linainama kufuata dunia. Tofauti yenyewe ndogo mno, hapo chini wimbi linapungua mwendo kwa kama sehemu 3 katika 10,000, lakini inatosha. Ndo maana siku ya kawaida tunapiga hesabu ya upeo wa rada kama vile dunia ni kubwa mara 4/3 ya ilivyo: 4.12 mara kipeuo cha pili cha mita 16 zako unapata kilomita 16 na nusu, maili 9 hivi. Sasa hewa kavu ya moto ikilala juu ya hewa yenye unyevu, mpindo unakuwa mkali kuliko mviringo wa dunia wenyewe, wimbi linabanwa kati ya tabaka hilo na maji linakwenda kama maji ndani ya bomba. Vita vya pili vya dunia rada ya Bombay ilikuwa inaona pwani ya Uarabuni, zaidi ya maili 1,000!

namba_hazidanganyi: Naongezea hiyo V. Rada inatuma wimbi kwa mapigo mafupi mafupi, na inapima umbali kuanzia pigo la mwisho. Tuseme inatoa mapigo 1,000 kwa sekunde, pigo lina muda wa kwenda kilomita 150 na kurudi, yaani maili 81. Mwangwi wa pwani iliyo maili 95 unarudi wakati pigo lingine limeshatoka, rada inadhani ni wa hilo jipya, 95 toa 81 inakuchorea 14. Na kwa kuwa kila kipande cha pwani kinakatwa maili zilezile 81, pwani iliyonyooka inakunjika kuwa V.

kadeti_zamu: Aisee. Sasa nitaijuaje nikiwa zamu?

namba_hazidanganyi: Badilisha skeli (umbali wa mwisho unaoonekana kwenye kioo, kwa maili), rada nyingi hubadilisha na idadi ya mapigo. Nchi ya kweli inabaki umbali uleule, mzuka unahama au unapotea. Ila usishuke toka 24 kwenda 12 ukafurahi limepotea, maili 14 haimo kwenye kioo cha 12! Panda 48.

mama_nanga: Mnaogopa mzuka, mimi naogopa kinyume chake. Hewa baridi ikipita juu ya maji ya moto mpindo unapungua, upeo wa rada unafupika, boti ndogo unaiona imeshakaribia. Kioo kikiwa kitupu usiku wa namna hiyo ongeza macho dirishani. Na ofisa akikuambia achana nayo mwombe mpandishe skeli pamoja, asipoelewa kapteni aitwe, kulala atalala baadaye.

kadeti_zamu: Nimerudi wakuu. Usiku wa leo imetokea tena maili 17, nikaomba tupande 48, ikaruka mpaka maili 30 na kitu. Ofisa kanyamaza kidogo, akasema andika kwenye logi.

fundi_waya: Magnetroni lakini mkaiangalie 😅