Naomba ushauri: nianze na Hirschman au Flyvbjerg?

Wakuu, habari za leo. Nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi, na andiko langu la utafiti limerudishwa mara ya pili. Msimamizi kaizungushia sura ya pili wino mwekundu, pembeni kaandika neno moja tu: "Nadharia?"

Vitabu nilivyosoma ni viwili. Kuna cha mwanauchumi Albert Hirschman cha 1967, kuhusu miradi ya maendeleo, chenye kile kisa cha kiwanda cha karatasi cha Karnaphuli, Pakistani ya Mashariki (sasa Bangladesh): mianzi waliyoitegemea ikachanua maua, ikafa, ikabidi watafute malighafi kwingine. Yeye anaona kutoujua ugumu mapema kuna heri yake, maana watu hulazimika kubuni. Halafu cha Bent Flyvbjerg na wenzake, 2003, kuhusu miradi mikubwa: gharama hukadiriwa chini mno ili mradi upite. Huyu kanishika zaidi. Nani hajaona bajeti ya harusi inavyoidanganya kamati?

Sasa, niwapambanishe, au nichague mmoja? Na Peter Hall, yule aliyeandika kitabu cha maafa ya mipango mwaka 1980, bado anahesabika? Aliyewahi kutetea tasnifu ya miradi mikubwa anishike mkono, narudisha Ijumaa.