Nimefiwa na mume, nikipiga magoti maneno hayatoki. Wapendwa, mlifanyaje?

MamaNeema_Moro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mliofiwa na wenza wenu.

Mume wangu alifariki mwaka jana, Krismasi ikikaribia. Kiharusi. Asubuhi aliondoka mzima kwenda kazini, jioni nikaitwa hospitali, usiku hatukuwa naye. Tulimsafirisha tukamzika kwao Marangu, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba yake. Watu walinishika mkono kweli. Usharika ulikodi basi, jumuiya walipika na kuosha vyombo mpaka siku ya mwisho. Mungu awabariki.

Shida imeanza matanga yalipoisha. Nikifungua droo nakutana na bahasha zake za ahadi za sadaka kanisani, jina na namba kwa mwandiko wake mwenyewe, ya Desemba ni tupu. Jumapili nikiingia kanisani macho yanakimbilia kwenye besi za kwaya, alikuwa anasimama wa pili kutoka ukutani. Wakianza kuimba tu natoka nje. Usiku nikipiga magoti nasema "Baba", basi, nakwama hapo.

Nikilia naambiwa "kazi ya Mungu haina makosa". Mama mmoja wa jumuiya akaniambia machozi mengi hivi yanaonyesha siamini ufufuo. Mimi naamini. Najua nitamwona. Lakini namtaka leo, jikoni, akiuliza kama chai imeiva.

Ile amani ya Mungu ipitayo akili zote, ninyi mliipataje?

MzeeWaZamu

Pole sana mama. Bwana awe nawe na watoto. Ushauri wangu ni mmoja: usiache ibada. Upweke ni mbaya, mtu akikaa peke yake na uchungu mawazo yanamla. Hata kama huimbi, kaa. Neno litafanya kazi.

Dada_Kihesa

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, huyu dada hajasema ameacha ibada. Amesema kwaya ikianza anatoka nje, na nje ya kanisa bado ni kanisani. Nilipofiwa na mama, miezi mingi nilikuwa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikizidiwa natoka, nikitulia narudi. Mchungaji wetu alijua na hakuniuliza kitu. Dada, kama mna ibada ya kwanza ambayo kwaya yake siyo hiyo ya shemeji, hamia huko kwa muda.

Mwl_Njombe

Pole sana dada yangu. Naomba niongee kidogo kuhusu hao wanaokuambia ujikaze, maana jambo hili linanigusa.

Misibani tunapenda kusoma Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Ni neno la kweli. Ila angalieni nani analisema. Anasema Ayubu mwenyewe, aliyezika watoto kumi. Hakuna jirani aliyekwenda kumwambia aseme hivyo. Na sura ya tatu huyohuyo Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walifanya jambo jema mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (2:13). Walipofungua midomo na kuanza kumfafanulia kwa nini yamempata, ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Yaani yule aliyelia na kuuliza na kubishana ndiye aliyenena sawa!

Halafu soma Yohana 11 polepole. Martha anamwambia Bwana, "kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu anakuja, anarudia maneno yaleyale. Hiyo ni lawama kabisa, na Yesu hamkemei hata mmoja. Alikuwa anajua kwamba muda mfupi ujao Lazaro atatoka kaburini, na bado akalia machozi. Kama aliyeushika ufufuo mkononi alilia, wewe unayeusubiri unaambiwaje usilie?

Paulo naye kwa Wathesalonike hakuandika "msihuzunike". Aliandika msihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Huzuni yenye matumaini bado ni huzuni, dada. Ina machozi yake.

Kuhusu kushindwa kusali: azima maneno. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti, funga Biblia, lala. Ukiishia kwenye "Baba" peke yake, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Sala yako inafika.

Mjane_Mwanza

Umenitoa machozi, "chai imeiva". Wangu alikuwa anauliza habari ya taa ya uani.

Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo taratibu zetu ni tofauti kidogo. Nilimwombea misa, na kila tarehe 2 Novemba tunawakumbuka marehemu wote, jina lake linasomwa na mengine mengi. Ile kusikia orodha ndefu ilinisaidia, niliona si mimi peke yangu niliyeachwa. Najua ninyi Walutheri hamwombei marehemu, lakini kumshukuru Mungu kwa ajili yake hakuna anayekukataza. Mwambie mchungaji mfanye shukrani kidogo nyumbani, watu wachache, wale waliompenda.

Bahasha usizitupe. Usikubali mtu aje "kukusaidia" kupanga vitu vyake kabla hujawa tayari. Nguo nilizitoa siku nilipotaka mwenyewe.

Amani haikunijia kwa mkupuo, mwenzangu. Ilianza kwa kulala usiku mmoja bila kuamka saa tisa. Halafu ikapotea, ikarudi. Bado namlilia, ila sasa namlilia nikiwa mikononi mwa Mungu, zamani nilikuwa nalia kama hakuna anayesikia.

Nesi_Dom

Pole mama Neema. Nyongeza: kama hulali kabisa, huli, kazi zimekushinda, au unapata mawazo ya kutotaka kuishi, nenda hospitali uonane na mshauri nasaha au daktari, na umwambie mtu wa karibu leo hiyo hiyo. Kwenda hospitali hakupunguzi imani yako hata chembe. Luka mwenyewe alikuwa tabibu.

MamaNeema_Moro

Asanteni mno. Nimesoma majibu nikiwa naandaa uji, nikazima jiko nikakaa. Nesi, nakula, usingizi ndio wa shida, nitakwenda. Mwalimu, hiyo ya Martha na Mariamu nimeisoma tangu Sunday school sijawahi kuiona hivyo.

Kuna moja bado. Wa mwisho ana miaka mitano. Shangazi yake alimwambia baba amelala kwa Yesu, sasa kila jioni anauliza ataamka lini, na yeye mwenyewe anaogopa kulala. Nimwambieje?

Nesi_Dom

Mwambie amekufa. Tumia neno hilo hilo. Mtoto wa umri huo akisikia "amelala" au "amesafiri" anasubiri. Mwambie mwili wa baba uliharibika, haupumui, haumuumi tena, na kwamba kulala usiku ni kitu kingine, sote tutaamka asubuhi. Atarudia swali mara nyingi. Jibu vilevile kila mara. Akikuona unalia mwambie, "namkumbuka baba", usijifiche.

Tukuyu_Asilia

Mama, kama nauli itaruhusu, Pasaka mpelekeni Marangu. Sisi Wamoraviani siku hiyo tunaianzia makaburini, alfajiri kabla jua halijachomoza. Ni desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari wakaja nayo. Tunasimama katikati ya wapendwa wetu, tunaimba, tunatangaza Bwana amefufuka. Nilipelekwa nikiwa mdogo, na makaburi hayakuniogopesha tena. Mtoto aone baba yake amelazwa wapi, ashike msalaba, aweke ua, aulize maswali yote palepale. Na wewe ukitaka kulia, lia, shemeji zako wako hapo.

MamaNeema_Moro

Nimempigia mama mkwe sasa hivi. Amesema tuje, na tumbebee mbegu za maua, anataka kuzipanda na mjukuu wake.