Naomba ushauri: mapanga ya faibaglasi ya mtambo wa umeme yametoa malengelenge baharini

Wakuu habari. Mimi na fundi wangu wa boti tulitengeneza mapanga matatu ya mtambo mdogo wa umeme unaozungushwa na mkondo wa bahari, hapa Mtwapa. Rezini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za faibaglasi, ni poliesta ya kawaida (epoksi, rezini iliyo bora zaidi, bei yake mnaijua wenyewe). Miezi saba majini, yamejaa malengelenge. Nilitoboa moja kwa msumari, likatoka maji yananuka kama siki.

Fundi anasema tukwangue, tukaushe, tupake upya jelikoti, lile tabaka la nje la kinga. Kwa boti sawa, lakini panga hupindwa kila mzunguko, na nyuzi zikishalowa nguvu hupungua. Pia shinani, penye bolti, kuna ufa mwembamba kama unywele.

Nitengeneze au niyatupe? Nikianza upya, rezini ya vinailesta itatosha?