Kufunga baa wakati wa Korona: tulipunguza ulevi au tuliuhamishia nyumbani?

Mleta mada, Nairobi: Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Machi 2020 serikali ya Kenya ilifunga baa, kisha ikaweka kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Pombe ya kubeba iliendelea kuuzwa. Tarehe 27 Julai Rais Uhuru Kenyatta akaipiga marufuku mikahawani kwa siku 30, na baa zikangoja hadi mwishoni mwa Septemba. Mimi nasema mnywaji hakuacha, alihamia sebuleni. Aliyezoea bia mbili baada ya kazi, akiwahi matatu ya mwisho, alianza kununua mzinga mzima, ile chupa kubwa ya pombe kali, akihofia kesho duka litafungwa. Nyumbani hakuna wa kukuletea bili. Na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto walishuhudia yote.

Muuguzi, Mombasa: Sikubaliani. Majeruhi wa usiku wa Jumamosi walipungua, tuliokuwa zamu tuliona. Tazama Afrika Kusini: pombe ilipigwa marufuku kabisa Machi 27, ikaruhusiwa Juni mosi, wodi za majeruhi zikajaa tena, na Julai 12 wakarudisha marufuku.

Mwenye baa, Nakuru: Dada, hapa kwetu kafyu ndiyo iliyopunguza ajali. Nani angegongwa barabarani saa sita usiku na hakuna gari? Halafu mnazungumza kana kwamba baa zote zilifungwa kweli. Mbele kufuli, nyuma wateja. Jirani yangu alikuwa anawafungia ndani mpaka kafyu iishe, madirisha yamezibwa mwanga usionekane. Ugonjwa unaenezwa kwa pumzi, nanyi mnawasukuma watu kwenye chumba kisicho na hewa! Mimi niliyetii niliwaachisha kazi wahudumu wangu. Machi 2021 tukafungiwa tena, sisi na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado.

Mama wa watatu, Kayole: Mnabishana kuhusu baa tu. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, je? Mpishi wa chang'aa hakufunga hata siku moja. Mzee wangu kibarua kilipoisha, bia ikamshinda bei, akaanza kwenda huko mchana. Baa zilipofunguliwa hakurudi kwenye bia. Huyo mnamhesabu wapi?

Mleta mada, Nairobi: Ndiyo maana nimeuliza, mama. Na viongozi walitupa mfano gani? Aprili ile gavana wetu, Mike Sonko, alitia chupa ndogo za Hennessy kwenye mifuko ya chakula cha msaada, eti dawa ya kuua virusi kooni! Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema pombe haikingi.

Muuguzi, Mombasa: Sonko simtetei. Pole sana, mama, na hoja yako ni nzito kuliko ya mwenye baa. Lakini baa yenye watu sitini wanaopiga kelele bila barakoa, Julai ile, mngeiacha wazi? Nijibuni hilo kwanza.

Mwenye baa, Nakuru: Ningeweka meza nje, watu ishirini, saa kumi jioni mwisho. Mikahawa ilikubaliwa kuuza chakula kwa masharti. Sisi hata kuulizwa hatukuulizwa.