Mrejesho: "clave", "seguridad" na wenzake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza namna ya kuutoa kwa Kiingereza waraka wa Kihispania wa usalama wa kompyuta, wa hoteli moja huku Nungwi. Kazi imekwisha, ahsanteni sana.

Gumu kuliko yote ni "clave". Mlionya lisibadilishwe lote kwa mpigo, na ni kweli kabisa. "Clave de acceso" ni "password", lakini "clave privada" ni "private key", ufunguo wa siri wa usimbaji. Ukitumia amri moja ya kutafuta na kubadili, fundi ataambiwa abadilishe nywila pale alipotakiwa abadilishe ufunguo, na ufunguo uliovuja utaendelea kutumika. Nimepitia moja moja, nikisoma sentensi nzima kila mara.

"Seguridad" linatutega sisi hasa, kwa sababu "usalama" wetu nao una maana zote mbili: kujikinga na mshambuliaji ni "security", kuepusha watu na madhara ni "safety". Kwenye kifungu cha jenereta na vizima moto nimeweka la pili. "Copia de seguridad" ni "backup" tu, nakala ya akiba.

Halafu "compromiso": likiwa la uongozi ni "commitment", ahadi ya kutekeleza, katika "indicadores de compromiso" ni "compromise", yaani dalili kwamba mfumo umeshaingiliwa.

"Función resumen" ni "hash function", kanuni ya hesabu inayogeuza data yoyote kuwa msimbo wa urefu maalumu, ingawa "resumen" kwa kawaida ni muhtasari. Anayeandika "summary" amekosea.