Hivi marapa wenyewe wanaionaje hii sura ya mwanaume mweusi?

kijana_ngamiani: Wadau za jioni. Jana nilikua nacheki ile video ya Kendrick Lamar, rapa wa Marekani, ya 2022, The Heart Part 5, anachana huku sura inabadilika inakua ya weusi maarufu wa kwao, mara O.J. Simpson mara Kanye mara Will Smith, Kobe, mwisho Nipsey Hussle, bi mkubwa akapita na ungo wake wa mchele akaniambia zima hao wahuni. Sasa nauliza, Kendrick pale anawatetea au anawasema? Na hawa wa bunduki na macheni si ndo wametufikisha hapa hadi mama yangu Tanga huku akiona mweusi wa Marekani anajua ni mhuni tu?

bi_chumbageni: Mdogo wangu hapo pagumu. Mchukue rapa 2Pac, 1993 katoa Keep Ya Head Up anawatetea wanawake, 1995 Dear Mama tukalia wote, na albamu yenye wimbo huo inashika namba moja kwao yeye yuko jela kwa kesi ya kumdhalilisha mwanamke. Mtu yule yule! Mimi nampenda na sijui nimuweke wapi.

sela_raskazone: Ila hela anatoa nani? Mistari ya kulea watoto hainunuliki, ya bastola inaenda, halafu akishauza inamrudia, kesi ya rapa Young Thug kule Georgia, Marekani, mashairi yake yalisomwa mahakamani kama ushahidi. California ilibidi 2022 watunge sheria ya kulibana hilo. Sisi hapa mtu wa taarab anaimba atamtoa mke mwenzie roho, nani kamfata na pingu??

mgosi_wa_13: Mnaenda mbali nyie. Kundi la rap la Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dr John, watoto wa hapahapa Tanga, na mgosi maana yake mwanaume, hata Mdigo asiyejua Kisambaa analijua hilo. Kwenye wimbo wa Tanga Kunani wanaulizia mji umekuaje, kwenye Wauguzi wanasemea wagonjwa, bastola iko wapi humo? Na mzee wangu alikua akisikia tu ile biti anazima redio, wahuni hao. Alikua hata hajasikiliza maneno.

kijana_ngamiani: Mgosi umenimaliza 😂 maana Wauguzi bi mkubwa anauimba wote akiwa jikoni. Leo nimemuwekea tena ile ya Kendrick, kasimama tu mlangoni, ilipofika sura ya Kobe akauliza huyu si yule aliyekufa na mwanawe kwenye helikopta? Nikamwambia ndiye. Akavuta kigoda.